Metali ndani ya antibiotiki: kikwazo tumboni, silaha kwenye DNA?

"Dawa hii usinywe na maziwa."

Ukichukua dawa dirishani, iwe Hospitali ya Maweni, kituo cha afya kule Ujiji au duka la dawa pale Mwanga, kuna siku utaambiwa maneno hayo. Wengi wetu huitikia "sawa" na kuondoka. Wengine wanajieleza wenyewe: maziwa si ndiyo hupewa mtu aliyekunywa sumu? Basi yataua na nguvu ya dawa. Maelezo hayo yanaelekea kwenye ukweli, ila yanamkosa mhusika mkuu. Kinachokamata dawa ndani ya maziwa ni kalsiamu, na kalsiamu ni metali.

Sasa geuza upande wa pili. Fungua jarida lolote la kemia na utakuta watafiti wanachukua antibiotiki ileile, wanaifunga na shaba, zinki au kobalti kwa makusudi, halafu wanatangaza kwamba mchanganyiko huo unaua bakteria vizuri kuliko dawa yenyewe na tena unashika DNA. Hebu tuulize: inakuwaje metali iiharibu dawa tumboni, halafu iipe nguvu maabara?

Jibu ni kwamba kemia ni moja tu, mahali ndipo panapotofautiana. Ukiielewa kemia hiyo, utajua kwa nini saa ya kumeza kidonge ni muhimu, na pia utajua namna ya kusoma habari ya "dawa mpya yagunduliwa" bila kupagawa. Twende taratibu.

Kwa nini lituhusu sisi wa ziwani

Mei 2015, watu waliokimbia machafuko Burundi walifurika Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya milima na maji karibu na mpaka. Njia ya kutoka ilikuwa ziwa. Meli kongwe ya MV Liemba ilibeba watu hadi Kigoma mjini, na Uwanja wa Lake Tanganyika ukageuzwa kituo cha kuwapokea. Kipindupindu kikazuka. Kufikia tarehe 22 Mei, shirika la wakimbizi la UNHCR lilikuwa likitaja wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31, viwili kati ya hivyo vya Watanzania.

Tuliweke sawa jambo moja kabla hatujaendelea. Kipindupindu huua kwa kukausha maji mwilini, kwa hiyo tiba ya kwanza ni maji na chumvi: ORS kwa anayeweza kunywa, dripu kwa aliyezidiwa. Antibiotiki ni msaidizi. Inapunguza wingi wa kuhara, inafupisha siku za ugonjwa na inapunguza bakteria ambao mgonjwa anawatoa na kuwarudisha kwenye mazingira. Kwa mtu mzima aliyezidiwa, dawa inayopendekezwa kwanza siku hizi ni doksisaiklini miligramu 300, dozi moja tu. Zikishindikana hizo, kuna azithromaisini au siprofloksasini, ile tunayoiita sipro.

Msaidizi huyo anaweza kupotea haraka sana. Oktoba 1977, Tanzania ilipoingia kwenye mlipuko wake wa nne wa kipindupindu, bakteria *Vibrio cholerae* waliopimwa walikuwa bado wanaisikia tetrasaiklini. Dawa ikagawiwa kwa wingi, kwa wagonjwa na hata kwa watu wazima wa afya kama kinga. Baada ya miezi mitano, asilimia 76 ya bakteria waliopimwa walikuwa sugu. Fred Mhalu na wenzake waliyaandika hayo katika jarida la *The Lancet* mwaka 1979, na hadi leo ni moja ya mifano inayotajwa sana duniani ya usugu uliozaliwa mbele ya macho ya watu.

Ndiyo maana kemia ya antibiotiki na metali si mchezo wa maabara tu. Dawa tulizonazo ni chache, na mbili kati ya zile za kipindupindu, doksisaiklini na sipro, zinapenda metali kupita kiasi.

Metali usiyoiona

Tukisikia "metali" tunafikiria sufuria au bati. Lakini chukua chumvi ya Uvinza. Ile chumvi inayochemshwa kutoka kwenye maji ya chemchemi kando ya mto Malagarasi ni sodiamu na klorini, na sodiamu ni metali. Haing'ai wala haigongi kama chuma kwa sababu kila atomu yake imepoteza elektroni moja na kubaki na chaji chanya. Atomu ya namna hiyo huitwa ioni. Ukiitia chumvi kwenye mchuzi, ioni zinatawanyika na huzioni tena.

Kalsiamu ya kwenye maziwa, magnesiamu ya kwenye maji, chuma cha kwenye vidonge vya kuongeza damu na zinki anayopewa mtoto anayeharisha, zote ni ioni za metali. Tofauti na sodiamu, hizi zina chaji mbili chanya au zaidi, kwa hiyo zinavuta kwa nguvu zaidi chochote chenye chaji hasi.

Na hapa ziwa letu lina kisa chake. Mto Ruzizi unaleta maji kutoka Ziwa Kivu, yamejaa chumvi zilizoyeyuka kutoka kwenye miamba ya volkano. Ndiyo sababu mojawapo ya maji ya Ziwa Tanganyika kuwa na ualikali, pH yake karibu 9, na kuwa na magnesiamu nyingi kuliko kalsiamu: takribani miligramu 40 za magnesiamu kwa lita, dhidi ya kama 10 za kalsiamu. Kumbuka hiyo 40, tutairudia.

Gando la kaa

Molekuli ya tetrasaiklini ina atomu za oksijeni zilizokaa jirani jirani, na sipro nayo ina zake mbili zinazotazama upande mmoja. Ioni ya metali ikipita, oksijeni hizo zinaibana kutoka pande mbili, kama kaa anavyobana kitu kwa gando. Wakemia wakaliita umbo hilo *cheleti*, kutoka neno la Kigiriki lenye maana hiyohiyo, gando. Kitu kizima, yaani dawa na metali iliyobanwa, kinaitwa changamano.

Gando lina faida moja kubwa: kuachia upande mmoja hakutoshi, maana upande wa pili bado umeshika. Kwa hiyo changamano la namna hii ni gumu kulivunja.

Sasa fikiria tumboni. Umemeza sipro, nyuma yake ukatafuna vidonge vya kiungulia. Ioni za magnesiamu na alumini zinakutana na dawa, zinabanwa, na changamano linalotokea halipiti vizuri kwenye ukuta wa utumbo. Dawa inapita moja kwa moja hadi chooni. Haijaharibika. Imefungwa tu, na haikufika kwenye damu.

Tufanye hesabu ya haraka kwa idadi ya molekuli, kwa kipimo cha milimoli:

- Kidonge cha sipro cha miligramu 500: kama milimoli 1.5 za dawa.
- Glasi ya maziwa, robo lita: kalsiamu ya kama milimoli 7.5. Hiyo ni mara tano ya dawa.
- Kidonge kimoja cha kutafuna chenye trisiliketi ya magnesiamu miligramu 250 na hidroksidi ya alumini miligramu 120: kama milimoli 1.9 za magnesiamu na 1.5 za alumini. Jumla ni zaidi ya mara mbili ya dawa, na watu hutafuna viwili.
- Glasi ya maji ya Ziwa Tanganyika, robo lita: kama milimoli 0.4 za magnesiamu. Hiyo ni karibu robo ya dawa.

Si kila ioni itakayobana molekuli ya dawa. Asidi ya tumbo, chakula na protini nazo zinagombania. Lakini mpangilio wa hatari unaonekana wazi. Maji ya kumezea si tatizo la kukunyima usingizi, ilimradi yawe yamechemshwa au kutiwa dawa. Vidonge vya kiungulia ni jambo jingine kabisa: vinaweza kupunguza sipro inayoingia kwenye damu kwa hadi asilimia 90. Kwa tetrasaiklini ya zamani, maziwa huondoa nusu au zaidi. Doksisaiklini inavumilia maziwa vizuri zaidi, ila chuma bado kinaisumbua.

Unajua pia kwa nini tetrasaiklini iliwahi kuharibu meno ya watoto? Ni gando lilelile. Dawa ilibana kalsiamu ya meno yanayoota, ikabaki humo, na meno yakatoka na rangi ya manjano au kahawia.

Lakini bila metali, dawa hazifanyi kazi

Hapa ndipo mambo yanapogeuka. Tetrasaiklini inaua, au tuseme inazuia, kwa kukaa kwenye ribosomu ya bakteria. Ribosomu ni mashine ya kutengenezea protini. Dawa ikikaa pale, malighafi hazipati nafasi ya kuingia na kiwanda kinasimama. Sasa, dawa inashikamana vipi na ribosomu? Kwa kubana ioni ya magnesiamu ambayo nayo imeshika ribosomu. Ukiondoa magnesiamu, mshiko unalegea.

Sipro nayo inakwenda kwenye DNA, ila kwa njia ya pekee. DNA ya bakteria ni uzi mrefu uliosokotwa na kukunjwa ndani ya chumba kidogo mno. Ili uweze kusomwa na kunakiliwa bila kujifunga mafundo, kuna kimeng'enya kinachoitwa gairesi. Kazi yake ni kuukata uzi, kupitisha sehemu nyingine katikati, kisha kuuunga tena. Mtu yeyote aliyewahi kukaa Kibirizi akitazama wavuvi wakitatua nyavu anaielewa kazi hiyo. Sipro inangoja DNA imekatwa, inajipenyeza kwenye mkato na kuzuia usiungwe. Bakteria anabaki na DNA iliyokatika, anakufa.

Picha za kina za vimeng'enya vya jamii hii zilionyesha kwamba sipro na ndugu zake zinajishikiza kwa daraja: ioni moja ya magnesiamu, iliyozungukwa na molekuli nne za maji, upande mmoja imebanwa na dawa na upande wa pili maji yake yanagusa kimeng'enya. Daraja lenyewe ndilo mshiko wa dawa.

Kwa hiyo magnesiamu ileile inayoizuia sipro tumboni ndiyo inayoishikiza ndani ya bakteria. Mahali ndipo panapoamua.

Bakteria naye anaijua hesabu hiyo

Usidhani bakteria amekaa kimya. Mmojawapo wa ujanja wake mkubwa dhidi ya tetrasaiklini ni pampu inayoisukuma dawa nje ya seli. Pampu hiyo haitoi dawa iliyo peke yake. Inatoa dawa ikiwa imeshabana magnesiamu.

Pampu hiyo haitengenezwi ovyo, kwa sababu ni gharama. Kuna protini inayokaa juu ya DNA, pale kwenye maagizo ya kutengeneza pampu, na kuyafunika. Tetrasaiklini ikiingia ikiwa imebana magnesiamu, changamano hilo linaikamata protini ile na kuibadilisha umbo. Protini inaachia DNA, maagizo yanasomwa, pampu inatengenezwa. Yaani changamano la metali na antibiotiki ndilo kengele ya hatari ya bakteria.

Dhidi ya sipro, bakteria wa kipindupindu hulibomoa daraja lenyewe. Mabadiliko yanayoonekana mara nyingi ni kwenye gairesi, amino asidi ya nafasi ya 83: serini inageuka isoleusini. Serini ndiyo iliyokuwa ikishikana na maji ya daraja. Ikiondoka, daraja halina pa kuegemea.

Basi kwa nini wakemia wanazifunga makusudi?

Kama bakteria wameshajua mlango wa zamani, wazo la wakemia ni kutafuta mlango mpya. Hoja zao ni tatu.

Ya kwanza ni ya mafuta. Sisi wa Kigoma tunajua mawese na maji havichanganyiki. Ukuta wa seli ya bakteria una tabaka la mafuta, na kitu chenye chaji hupita humo kwa shida. Dawa na metali zikibanana, chaji chanya na hasi zinafutana, na kitu kizima kinakuwa na tabia ya mafuta zaidi. Kinategemewa kupenya kirahisi. Haya ndiyo maelezo utakayoyakuta kwenye karibu kila makala ya fani hii.

Ya pili ni kwamba metali yenyewe inauma. Shaba inapopokea na kutoa elektroni ndani ya seli, inazalisha aina za oksijeni zenye ukali unaochoma mafuta, protini na DNA.

Ya tatu ni DNA. Mgongo wa DNA umejaa fosfeti zenye chaji hasi, kwa hiyo metali yenye chaji chanya inavutwa kwake. Na metali ikishafika, inaweza kufanya kitu ambacho dawa peke yake haiwezi. Mwaka 1979, kundi la David Sigman huko Marekani lilionyesha kwamba shaba iliyobanwa na molekuli iitwayo fenanthrolini inaikata DNA. Tangu hapo kumekuwa na utitiri wa majaribio ya kuweka shaba, fenanthrolini na sipro katika changamano moja.

DNA inashikwaje, na inapimwaje?

Fikiria DNA kama ngazi ya kamba iliyosokotwa. Vidato ni jozi za besi, kamba za pembeni ni mgongo wenye fosfeti. Changamano linaweza kuishika kwa namna nne: kuvutwa tu na chaji na kuelea jirani na kamba, kulala kwenye mtaro uliopo kati ya misokoto, kujichomeka katikati ya vidato viwili, au kujifunga moja kwa moja kwenye besi kwa kifungo cha kudumu.

Huwezi kuona haya kwa macho, kwa hiyo vipimo ni vya kuzungukia:

- Mwanga. Changamano lililojichomeka kati ya vidato hunyonya mwanga kidogo kuliko lilivyokuwa likinyonya likiwa huru. Unaongeza DNA kidogo kidogo, unapima, na kutokana na mteremko unakokotoa nguvu ya mshiko.
- Mgeni anayeng'aa. Rangi ya ethidiamu bromidi inang'aa sana ikiwa kati ya vidato. Ukiongeza changamano na mng'ao ukashuka, huenda limemfukuza mgeni na kuchukua nafasi yake.
- Uzito wa kumiminika. Kitu kikijichomeka kati ya vidato, ngazi inarefuka, na DNA ndefu inafanya maji yawe mazito zaidi, kama uji uliokolea. Kikikaa tu mtaroni, uzito haubadiliki sana.

DNA inayotumika mara nyingi hutoka kwenye thaimasi ya ndama, tezi iliyo kifuani. Ni rahisi kuipata na bei yake si kubwa. Lakini tulia kidogo hapo. Ndama ni mnyama anayenyonyesha, kama sisi. DNA yake na yetu zimejengwa kwa vidato vilevile, na za bakteria pia. Changamano likishika DNA ya ndama kwa nguvu, hiyo ni habari njema au onyo?

Historia ina jibu zuri. Mwaka 1965, Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Michigan State alikuwa akichunguza kama umeme unaathiri ukuaji wa bakteria *E. coli*. Alitumia vijiti vya platini, akiamini platini haifanyi chochote. Bakteria wakaacha kugawanyika na kurefuka hadi mara 300 ya urefu wao. Umeme haukuwa na hatia. Platini kidogo ilikuwa imeyeyuka na kuungana na amonia na kloridi za kwenye maji. Mojawapo ya vitu vilivyopatikana ni sisplatini, ambayo hujifunga kwenye besi mbili za guanini zilizo jirani na kuikunja DNA.

Mwanzo wake ulikuwa kwa bakteria, lakini haikuwa antibiotiki. Ilikubaliwa Marekani mwaka 1978 kama dawa ya saratani, na leo ni mojawapo ya dawa za kawaida kwa wagonjwa wa saratani, wakiwemo wa shingo ya kizazi wanaotibiwa Ocean Road, Dar es Salaam. Madaktari wanaitoa kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu inaumiza figo, neva na masikio. Ndivyo ilivyo dawa inayoshika DNA yoyote inayoikuta: haijui ya bakteria ni ipi na yako ni ipi.

Sipro ni tofauti. Inasubiri gairesi ya bakteria, ambayo haifanani na vimeng'enya vyetu, na hapo ndipo usalama wake ulipo. Kwa hiyo "linashika DNA" peke yake si sifa ya antibiotiki. Swali ni linashika DNA ya nani, likiwa wapi.

Maswali manne ya kumuuliza mtafiti

Ukikutana na makala, au na mwanafunzi mwenzako, anayedai changamano lake linaishinda dawa ya kawaida, muulize haya kwa upole.

*Metali peke yake ulipima?* Chumvi ya shaba inaua bakteria yenyewe bila dawa yoyote. Kama hakupima chumvi ya metali peke yake, na dawa peke yake, na kimiminika cha kuyeyushia peke yake, hatujui nani alifanya kazi.

*Unalinganisha uzito au idadi?* Changamano nyingi za shaba na sipro zina molekuli mbili za sipro kwa shaba moja. Kama kwa idadi ya molekuli changamano linahitajika nusu ya sipro, hujapata kitu. Umebeba sipro mbili kwa mfuko mmoja. Vilevile usishawishike na ukubwa wa duara tupu kwenye sahani ya agari. Molekuli kubwa hutembea polepole kwenye agari, kwa hiyo duara dogo au kubwa linaweza kueleza mwendo tu. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria wasiote.

*Linabaki zima?* Kwenye chupa ya maabara changamano ni imara. Ukilipunguza makali hadi kiwango cha dawa mwilini, mengi huachana, na unabaki na sipro ya kawaida na shaba kidogo. Tena maabara zinazofuata viwango hutumia mchuzi wa kuoteshea bakteria wenye kalsiamu miligramu 20 hadi 25 na magnesiamu 10 hadi 12.5 kwa lita, kwa sababu ioni hizo zikizidi au zikipungua zinabadilisha majibu ya baadhi ya dawa, tetrasaiklini ikiwemo. Sasa kumbuka ile 40 ya ziwa letu. Ni zaidi ya mara tatu ya magnesiamu ya maabara. Matokeo ya kwenye maji yaliyochujwa hayawezi kuhamishwa tu hadi ufukweni Kibirizi.

*Bakteria sugu je, na seli za binadamu je?* Kumuua bakteria ambaye hata sipro ya dukani inamuua si habari. Tuonyeshe changamano likimshinda yule aliyebomoa daraja, kisha tuonyeshe kwamba kiwango hichohicho hakipasui chembe nyekundu za damu.

Yaliyofika hospitalini

Usitoke hapa ukidhani fani nzima ni ndoto. Ile krimu nyeupe ya kupaka majeraha ya moto ni sulfadiazini ya fedha, iliyotengenezwa na Charles Fox huko Marekani katika miaka ya 1960. Ni antibiotiki iliyofungwa na metali, fedha hasa, na fedha ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Basitrasini nayo huuzwa ikiwa na zinki, ambayo inaiimarisha isiharibike.

Umegundua zinachofanana? Zote mbili hupakwa kwenye ngozi. Hapo hakuna maziwa, hakuna asidi ya tumbo, na dawa inawekwa palepale bakteria walipo. Changamano la kumeza ndilo mtihani ambao bado wengi hawajaufaulu.

Ya kwenda nayo nyumbani

Ukipewa sipro, imeze saa 2 kabla au saa 6 baada ya vidonge vya kiungulia, vya kuongeza damu au zinki. Usiimeze na maziwa matupu. Mtoto anayeharisha akiandikiwa zinki pamoja na antibiotiki, muulize mhudumu namna ya kupishanisha saa. Usiache zinki kwa sababu umesoma makala hii, maana nayo ina kazi yake. Na usinunue antibiotiki "ya kinga" kwa sababu jirani ameugua, labda mhudumu wa afya aseme hivyo. Hadithi ya 1977 tunaijua mwisho wake.

Na wewe unayetafuta mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho, kuna moja ya wazi hapa. Chukua changamano lolote lililoshatangazwa kuwa bora kuliko sipro, lipime tena kwenye mchuzi wenye magnesiamu ya kiwango cha Ziwa Tanganyika, ukiwa na vidhibiti vyote vilivyotajwa juu. Kama likishinda, tutakuwa na jambo la kusema. Na likishindwa, andika vilevile, maana mwenzako wa Bujumbura au Kalemie anaweza kuwa anajiandaa kupoteza mwaka mzima kwa jambo hilohilo.